Moshi wa Bonde la Pili

Kasulu,
14 Novemba 2015

Mwenzangu mpenzi Theodosia,

Amahoro. Naanza na Kirundi, lugha yenu, kwa sababu najua utaicheka namna ninavyoitamka, na nataka ucheke kidogo kabla hujafika mbele kwenye barua hii. Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Hilo hema mlilopewa linahimili mvua, au mnalala mmekumbatia masufuria? Huku kwetu tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yangu, Mzee Haidari, bado yuko dukani na bado anabishana na kila mteja. Mama Mwajabu anasumbuliwa na magoti, lakini mdomo ni mzima kabisa, na anakusalimu sana. Anauliza kama bado unakula maandazi matatu kabla ya chai.

Pasikali muuza dagaa alifika dukani Jumatano akitokea mnada wa Kibondo. Akasema amekuona hapo kambini Nduta, umevuka mpaka na watoto wawili na kifurushi kimoja, umekonda lakini macho ni yale yale. Theodosia, nilikaa chini hapo hapo, juu ya gunia la chumvi. Miaka mitatu! Akasema tena kwamba waandikishaji wamekupa siku chache uwataje watu wako wote, nani yu hai na nani amefariki, nawe umewajaza wote isipokuwa mmoja. Unaniuliza mimi Faudhia kama nimewahi kusikia lolote la Dawe, baba yako, tangu siku ile ya malori yaliyowarudisha kwenu kambi ilipofungwa, ili ujue umwandike wapi.

Mwandike hai. Narudia ili usome mara mbili: baba yako yu hai. Yuko hapa kwetu, kwenye kile chumba cha uani. Leo amekula ugali wa muhogo na maharage, na sasa hivi amekaa barazani anamkosoa mama yangu namna anavyosuka kikapu. Mguu mmoja hana. Yuko hapa tangu Septemba ya mwaka jana. Ukitaka, iache barua hapa, ukimbie kwa waandikishaji, kisha urudi umalizie. Maana yanayofuata ni habari ya mguu ulivyokwenda, na kwa nini umekaa zaidi ya mwaka bila kujua, na humo ndani nimo mimi.

Unakumbuka nilipata kazi ya kutunza maabara kwenye sekondari ile ya kilimani, njia ya kuelekea kambi yenu ya zamani ya Mtabila. Mei mwaka jana walikuja wageni, wataalamu wa mambo ya hewa, pamoja na fundi mmoja wa serikali anaitwa William, mtu wa Singida, mpole lakini mbishi. Walileta chombo wanachokiita laida. Usifikirie mtambo mkubwa. Ni kisanduku tu, ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, kina kioo juu na waya wa sola ubavuni. Wakakifunga juu ya paa la zege la maabara, kioo kikitazama juu. Kazi yake ni kupiga mwanga kwenda angani, mwanga usioonekana kwa macho, mara maelfu kwa sekunde. Mwanga ukikuta moshi au vumbi huko juu, sehemu yake ndogo inarudi chini, na chombo kinapima umechukua muda gani kurudi. Hapo ndipo kinapojua moshi uko umbali gani juu yetu. Watu wa hapa wakakiita kurunzi. Wengine wakasema kinatafuta dhahabu, wakulima wa Nyakitonto wakasema ndicho kinachofukuza mvua, na mzee mmoja akaja kuuliza kwa siri kama kinaweza kumwona mkewe anakopita akitoka sokoni. Nilicheka sana kiangazi kile, mwanzoni.

William akanifundisha. Kwenye kompyuta hewa yote ilichorwa kwa rangi: buluu ni hewa safi, njano ni moshi kidogo, nyekundu ni moshi mzito. Hata vumbi jekundu la malori ya Kibondo lilijitenga na moshi, kwa sababu chembe za vumbi zina pembe pembe na zinaurudisha mwanga ukiwa umevurugika, na chembe za moshi hazifanyi hivyo sana. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikawa msomaji wa moshi! Lakini William alisema chombo kinajua moshi uko wapi juu, hakijui umetoka kwa nani chini. Kwa hiyo nikapewa daftari. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nakifuta kioo kwa kitambaa laini na maji safi, halafu natazama pande zote na kuandika jicho langu limeona nini: moto wa shamba uko upande gani, upepo unatoka wapi, lori limepita au halijapita. Tena saa sita, tena jioni kabla ya jua kuzama. Sharti lilikuwa moja tu, nisiache mstari mtupu, maana mstari mtupu unaiharibu siku nzima. Nililipenda daftari lile, Theodosia, nisikufiche. Niliandika kwa ule mwandiko wangu wa kuringa.

Kufika katikati ya Juni nikaona kitu. Kila asubuhi ambayo upepo unatoka upande wa Mtabila, kwenye kompyuta ulitokea utepe mwembamba wa njano, chini chini, mita kama mia mbili juu yetu. Ulianza alfajiri, na saa nne ukakatika. William akasema ni jiko la shule. Nikamwambia jiko la shule linawaka hadi maharage ya mchana yaive, tena liko upande mwingine wa upepo. Akasema basi ni moto wa shamba. Nikamwambia moto wa shamba unawaka mchana nyasi zikishakauka umande, unapanda juu sana, kesho yake umekwisha. Huu haupandi wala hauishi, huu ni tanuri la mkaa. Alicheka! Akasema hajawahi kuona tanuri linalofuata saa za kazi, na kama nabisha nikaangalie mwenyewe. Unanijua mimi mtu akinicheka.

Jumamosi nikaenda. Sikupita kambini, nilizunguka kwa nyuma, nikavuka bonde la kwanza mlikokuwa mnaokota kuni, nikashukia la pili, lile lenye vichaka vingi na kijito. Nililiona tanuri kabla sijamwona mtu. Lilikuwa limefunikwa udongo vizuri kabisa, matundu ya hewa yamezibwa na magome mabichi ya mgomba. Halafu nikasikia kikohozi. Mara tatu, kimya, halafu mara moja. Kikohozi kile nimekisikia tangu nina miaka tisa, kila alipotua gunia la mkaa mlangoni pa duka letu na wewe uko nyuma yake unanikodolea macho.

Akatoka. Nywele nyeupe zote, lakini bega lile lile. Akaniita mwana wa Haidari, akaniuliza kwanza kama baba bado ni mbishi, ndipo tukakaa chini tukalia wote wawili. Alinieleza kwamba siku ya malori hakukudanganya aliposema anakwenda kuchukua shoka lake. Alikwenda kweli, akalishika, miguu ikakataa kurudi. Alisema mwaka wa tisini na tatu aliwahi kurudi kwao kwa furaha, akakaa miezi mitatu, akakimbia tena akiwa amewazika kaka zake wawili, na hakuwa na nguvu ya kujaribu mara nyingine. Alijua wewe utapata mahali kwa shangazi yako. Kila alipotaja jina lako aligeuza uso pembeni.

Nikamuuliza habari ya moshi wa saa nne. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya. Alfajiri mabonde yakijaa ukungu na kila jiko likiwaka, anafungua matundu tanuri livute hewa, moshi wake unapotelea humo humo. Ukungu ukianza kuinuka, saa nne, anayaziba. Ndiyo sababu mkaa wake unachukua muda mrefu, na ndiyo sababu mwaka mmoja na nusu hakuna jicho lililomwona. Nikamweleza habari ya kurunzi yetu. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, akasema kumbe alipaswa kujificha hata na mbingu. Halafu akaacha kucheka. Akaniomba jambo moja tu, nisimwambie mtu yeyote, hata baba yangu, na hata wewe, kwa sababu ukijua utaacha kiwanja ulichopata uje kumtafuta. Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono wangu ukiwa juu ya mkono wake. Nikawa nampelekea chumvi na sabuni kila nikipata nafasi.

Sasa sikiliza nilichofanya Jumatatu ile ya kwanza. William alinikuta maabara akaniuliza, huku anatabasamu, kama nimeliona hilo tanuri la mtumishi wa serikali. Ningeweza kusema nimepotea njia. Ningeweza kusema ni jiko la shule, ashinde yeye, yaishe. Nilichukua daftari nikaandika: moshi wa tanuri moja la mkaa, bonde la pili nyuma ya kambi ya zamani, kando ya kijito, matundu hufunguliwa alfajiri na kuzibwa saa nne. Nikamsukumia asome. Akasoma, akakiri kwamba nimemshinda, akanipa mkono kabisa. Na mimi nilijiambia moyoni kwamba sikuvunja kiapo. Sikutaja mtu, nimetaja moshi. Nilijiambia hivyo kila siku hadi Septemba, na kila siku yenye utepe wa njano niliuandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilidhani daftari lile ni la wasomi tu, litapanda ndege liende zake. Kumbe Septemba wakaitisha mkutano hapa mjini juu ya mioto ya kiangazi. Ilikuwa Alhamisi. William akaonyesha picha za rangi ukutani, akaeleza moshi wa mashamba, vumbi la barabara, yote. Halafu, kunifurahisha mimi, akasema kuna kazi ambayo chombo peke yake kisingeweza, akausoma mstari wangu kwa sauti, neno kwa neno, akataja jina langu nisimame. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, Theodosia. Nilikuwa nimevaa ile kanga ya zambarau. Wakati bado nimesimama nikamwona mtu mmoja wa doria ya misitu, mbele yangu kabisa, anaunakili mstari ule kwenye karatasi. Baada ya mkutano nikamsikia akimwambia mwenzake watapita huko Jumamosi asubuhi.

Alhamisi mchana hadi Jumamosi asubuhi. Ijumaa nzima ilikuwa yangu. Kutoka shuleni hadi bonde la pili ni mwendo wa saa mbili, na mimi njia naijua nimefumba macho. Sikwenda. Nilitafuta sababu kama mtu anayetafuta funguo huku amezishika mkononi. Nilisema wataniona njiani wanifuate. Nilisema duka la baba litaingizwa kwenye maneno kwa sababu ya mkaa wa zamani. Lakini ukweli ni kwamba William alikuwa ameniambia Alhamisi ile ile kwamba ameniombea nafasi ya mafunzo Morogoro, miezi mitatu, na niliogopa mtu akijua nilikuwa namtunza Mzee kule bondeni jina langu litafutwa. Ndiyo hiyo tu. Ijumaa nilisuka nywele.

Jumamosi nilipanda paani saa kumi na mbili, nikakifuta kioo kama kawaida. Upepo ulitoka upande wa Mtabila. Utepe ukatokea, mwembamba, wa njano, na nikajua amekwisha kufungua matundu. Nilikaa mbele ya kompyuta mikono mapajani. Saa mbili na nusu utepe ukavimba, ukawa mwekundu, ukapanda mita mia tano, mia saba. Tanuri lililofunikwa vizuri halifanyi vile. Likifanya vile ujue limepasuliwa. Nikaandika kwenye daftari: moshi mzito, nyekundu, bonde la pili. Sikuacha mstari mtupu.

Hakuna aliyempiga, hilo nataka ulijue. Yeye mwenyewe ameshanisimulia mara nyingi. Alisikia watu, akakimbia, na alikuwa ameshafika kwenye vichaka vya juu salama kabisa. Lakini matundu alikuwa ameyaacha wazi. Wewe umelelewa kwenye kazi ile, unajua mwenye tanuri hawezi kuyaacha matundu wazi, mkaa wote unageuka jivu. Akarudi kuyaziba! Watu wa doria walikuwa wameanza kulichimbua upande wa pili, gamba la udongo likalegea, akaweka mguu wa kulia juu yake ukazama hadi gotini. Walimtoa wao wenyewe, wakambeba kwa zamu hadi barabarani, wakamfikisha hospitali. Mguu haukuokoka.

Hospitalini hakutaja jina lake, akataja jina la duka letu. Baba alipoitwa hakubishana na mtu, na kwa baba yangu hiyo si kawaida. Akaenda, akasema mtu huyu ni wa kwangu kwa zaidi ya miaka kumi, akamdhamini, na kwa vile alikuwa mzee na mgonjwa wakamwacha. Mama akaosha chumba cha uani. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kidonda kila asubuhi, na kila asubuhi ananiombea dua, ananiita mwana wanje, mwanangu kwa lugha yenu, anasema Mungu alimnyang'anya binti mmoja akampa mwingine. Anadhani kurunzi ilimwona yenyewe. Ameshanifariji mara ngapi, jamani! Huniambia nisijisikie vibaya kwa kufanya kazi kwenye chombo kile, kwamba chombo hakina macho ya kuchagua.

Na Morogoro nilikwenda. Sitaki udhani niliadhibiwa. Nilikwenda, nikafurahi, nikarudi na cheti, kimetundikwa dukani. Kurunzi yenyewe waliing'oa Oktoba mvua zilipoanza, na daftari wakalichukua.

Nilidhani hayo ndiyo mazito, lakini kuna jingine, na hili ni la kwako. Alipopata nguvu kidogo, baada ya kukatwa mguu, Mzee alibadili mawazo. Aliomba nikuandikie uje umwone. Shangazi yako tunajua anakoishi, Pasikali ana jamaa wanaovuka, barua ingefika. Sikuiandika. Niliogopa ukija utauliza, kwa sababu wewe siku zote unauliza, na utafika kwenye daftari. Nilimwambia nimekuandikia. Akangoja. Wakati wa Krismasi akaniuliza, nikamwambia nimekuandikia tena. Pasaka akauliza, nikamwambia ya tatu imekwenda, na kwamba hujajibu hata moja. Tangu hapo hakuuliza tena. Akakuacha moyoni mwake ukiwa binti aliyemsahau baba yake, na aliyekuweka hivyo ni mimi, kwa mdomo wangu, huku namkabidhi kikombe cha chai.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Ukinisamehe kwa barua sitaamini, na usiponisamehe utakuwa na haki yako. Ninachokuomba ni kwamba umwandike baba yako leo hii, useme yuko Kasulu kwa Haidari muuza duka, mguu mmoja hana, ili waandikishaji wamtambue muungane. Baba yangu yuko tayari kumleta mwenyewe hadi Nduta. Nami nitakuja naye, nimwambie yote mbele yako. Nimejaribu kumwambia hapa peke yangu, Wallahi, zaidi ya mara moja, na kila mara ananitangulia kwa dua.

Mama anakusalimu tena na amekufungia kanga mbili na sabuni, Pasikali atakupa pamoja na barua hii akija Jumatatu. Wabusu watoto. Mkubwa mwambie ana babu anayejua kusuka vikapu vizuri kuliko mtu yeyote wa Kasulu.

Sasa hivi nimetoka barazani kumwambia Mzee kwamba umeonekana, uko Nduta, na kwamba nakuandikia. Kikapu kikamdondoka. Kisha akaniambia niweke na maneno yake, na nisiyapunguze. Amesema anakusalimu wewe na wajukuu. Amesema shoka lake bado analo. Amesema zile barua tatu ulizozinyamazia usizitie moyoni, yeye hana kinyongo, anajua maisha yalivyo huko na kwamba mtu mwenye watoto hana muda wa kushika kalamu. Na amesema ukifika, kabla hata ya kumwamkia yeye, unishukuru mimi kwanza, kwa kuwa sikuchoka kukuandikia.

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Wako,
Faudhia binti Haidari